Mashimo chini ya nyumba ya Babeleji

Balisema Babeleji, bale Bazungu ba ukoloni, balizika sanduku ya mercure, zebaki ya bei kali, chini ya ile nyumba ya zamani ya avenue yetu, hapa Mususa. Ile maneno ilikataa kutoka mu kichwa yangu. Nilisikia pa borne-fontaine, fasi tunateka maji, nilisikia nje ya kanisa kisha misa.

Nyumba ile iko ya matofali, veranda pande zote. Bustani yake, na miti ya avoka, njo fasi moja tu batoto banaweza kucheza bila kugongwa na pikipiki. Jemima wangu, miaka saba, alikuwa anashinda pale mu kivuli ya ukuta.

Siku ya salongo, kazi ya batu bote ya kusafisha avenue, tukiwa tunafyeka majani, shemeki yangu Kasika, mudogo ya bwana yangu, alianza kupiga chini na chuma, fasi ukuta unaanzia.

« Sikia, Mama Jemima! Inalia wazi, chini iko tupu! Sanduku iko hapa! »

« Mais Kasika, ukuta utaanguka. »

« Eh, shemeki! Hii balijenga Bazungu, hapana kama kale kanyumba kenu ka jiko ka udongo kule kijijini kwenu Kipese! »

Batu balicheka. Na mimi nilicheka, juu ya haya.

Alichimba juma nzima. Kisha mvua ilinyesha siku tatu, maji ikaingia mu mashimo. Niliona ukuta umepasuka, mukono yangu inaingia. Nilitaka kumwambia chef wa avenue, mais niliwaza: batasema nauzisha ndugu ya bwana yangu. Nilinyamaza. Jemima nilimwambia tu: « Usiende kule. » Sikumwambia juu ya nini. Alienda.

Saa kumi ya mchana nilisikia kishindo. Nilikimbia na mwiko mu mukono. Vumbi nyekundu tu. Niliita Jemima. Kasika mwenyewe alitoa matofali na mikono mitupu, analia kama mutoto. Tulimukuta Jemima anapumua, muguu imevunjika fasi mbili.

Kile kilikuwa kinalia wazi? Mufereji ya zamani ya maji ya mvua.

Sasa batu ba avenue banataka kubomoa nyumba yote na kukata miti, eti nyumba njo mubaya. Ilisimama tangu nyakati za bakoko, babu zetu. Ni sisi tulichimba.

Bazazi, muepuke hii:

– Kuchimba karibu na ukuta ya zamani.
– Kuamini mutu anasema chuma imelia.
– Kuacha batoto bacheze fasi ukuta umepasuka.
– Kukataza mutoto bila kumwambia sababu.
– Kunyamaza juu ya kuogopa kushitaki shemeki.
– Kukata ile miti.