Midomo Arobaini

"Mzee Upawa, unapikia harusi au unapikia jeshi zima?" aliuliza jirani yake, amesimama mlangoni na rundo la sahani mikononi hadi kidevuni.

"Jeshi zima," mzee alijibu bila kugeuka. "Ziweke pale kwenye benchi. Ngapi?"

"Ishirini na sita. Mbili zina nyufa, usiseme ni wewe."

"Mimi ninazo kumi na nne. Arobaini kamili. Barabara!"

Ilikuwa asubuhi ya Siku ya Majeshi. Nje watu walikwisha kuanza kumiminika kwenda uwanjani, watoto wamevaa nguo zao za kutokea, kila mmoja na kibendera chake. Uani kwa Mzee Upawa, sufuria kubwa ya maharage ilikuwa inatokota juu ya mafiga, na ya wali ikisubiri zamu yake.

"Mwaka jana nilimwona mgeni mmoja tu," jirani alisema. "Yule mrefu, anayekohoa."

"Huyo ndiye Sajini. Na Sajini hakosei namba. Akisema arobaini, ni arobaini."

"Haya, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nakwenda kutazama gwaride." Akaondoka akicheka, kanga inapepea.

Msimcheke na nyinyi. Mzee huyu alipika jeshini miaka ishirini na tisa. Bunduki aliishika siku za mafunzo tu. Baada ya hapo silaha yake ilikuwa upawa, na jina likamganda. Na jeshini mpishi hapiki kwa kukisia. Kila asubuhi Sajini wa stoo alikuja jikoni, akasimama kizingitini, akataja idadi: "Mpishi, leo midomo sitini na nane." Hakusema watu, hakusema askari. Midomo. Chakula kikishaiva, hakuna aliyeruhusiwa kugusa mpaka Sajini aonje. Alichota kijiko kimoja, akatafuna huku ametazama juu kama mtu anayekumbuka deni la zamani, kisha akatoa hukumu yake ileile: "Chumvi imepungua." Hata siku ambayo mpishi alitia chumvi kwa hasira, ilipungua. Ndipo akasema, "Haya, gawa," na foleni ikasogea.

Walipostaafu, kila Siku ya Majeshi wenye nishani walialikwa kukaa jukwaani. Watu wa stoo, wa jikoni na wa karakana hakuna aliyewakumbuka kwa kadi. Basi wao wakawa wanakutana uani kwa Upawa. Siku moja kabla, Sajini alipiga simu kutaja idadi. Mwaka wa kwanza midomo kumi na tisa. Ikaja kuwa kumi na mmoja, halafu sita. Mwaka jana Sajini alicheka simuni mpaka akakohoa: "Midomo miwili, Mpishi. Wangu na wako." Akapanda basi kutwa nzima kuja kula maharage na kusema chumvi imepungua.

Siku zilizobaki za mwaka, mzee alikula peke yake. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimfukuza jikoni. "Toka, utatulishia mtaa mzima!" Tangu afariki, huu mwaka wa nne, mzee alikuwa amejaribu kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja, akashindwa. Konzi moja ya mchele chini ya sufuria ilimtia unyonge. Akaongeza konzi ya pili, ya tatu, na mwisho wake akala kiporo siku tatu, upande wake uleule wa meza, kiti cha pili kikimtazama.

Kwa hiyo jana mchana simu ilipolia, aliiacha sufuria ikamwagika. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na mtandao ulikuwa unakatakata.

"Shikamoo, baba. Mimi binti yake Sajini... samahani tumechelewa... kesho arobaini..."

"Arobaini?" Moyo ulimruka. "Arobaini! Barabara, mwanangu! Waambie watashiba mpaka wafungue mikanda!"

Upande wa pili binti alimaka, "Watashiba?" Halafu simu ikakatika.

Mzee hakuona ajabu. Kikohozi kimembana, alijiambia, ndiyo maana amempa binti apige. Lakini arobaini! Amewazoa wapi? Labda vijana wa stoo wa siku hizi. Labda kuna mtu mkubwa amewakumbuka hatimaye. Akaloweka maharage ndoo nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa anaimba.

Saa nne wali ulipanda mekoni. Saa tano redio ikaanza kurusha gwaride. Bendi ilipiga, mizinga ikanguruma, mtangazaji akaeleza kwa sauti ya kujaa jinsi vikosi vinavyopita mbele ya jukwaa. Akawashukuru marubani, wanamaji, askari wa miguu. "Na wapishi," mzee aliiambia redio. Redio ikaendelea na mambo yake.

Alipanga sahani safu nne, kumi kumi, akazifuta moja moja na kitambaa. Zile zenye nyufa aliziweka mwisho, moja yake mwenyewe, moja ya Sajini. Akavaa shati jeupe. Akafungua lango pande zote mbili, kwani watu arobaini hawapiti kwa upande mmoja. Kisha akavuta kigoda akaketi.

Kila aliposikia hatua za miguu nje alisimama, akakuta ni watu wanaopita, akakaa tena.

Saa saba bendi ilinyamaza. Saa nane wali ulianza kushika ukoko, na mzee akaanza kuogopa. Aliogopa kweli, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Akapangusa mikono, akaitafuta ile namba ya jana, akapiga. Safari hii sauti ilisikika vizuri.

"Mwanangu, mimi ni Upawa. Yule mpishi. Nauliza tu, hawa wageni wamefika wapi? Chakula kinapoa."

"Wageni?"

"Midomo arobaini. Si ulisema arobaini?"

Binti alisogea pembeni. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na mgongano wa vyombo.

"Wewe ndiye uliyesema barabara," alisema.

"Ndiyo, mimi."

"Jana baada ya kukata simu nililia. Nilisema huyu ni mtu wa namna gani." Alivuta pumzi. "Baba, ni arobaini ya Sajini. Leo ametimiza siku arobaini tangu tumzike."

Mzee alitafuta kigoda kwa mkono, akakikosa, akakaa chini.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hatukukujua. Kwenye simu yake amekuandika 'Jikoni'. Siku ya msiba tulipigia majina yote, hilo tukaliruka, tukadhani ni hoteli. Nani anapeleka taarifa ya msiba hotelini? Sikukuu ilipokaribia ndipo nikakumbuka kwamba kila mwaka, siku kama ya jana, lazima apige Jikoni, na akishapiga anashinda amefurahi. Nikasema, huyu Jikoni ni mtu."

"Ni mtu," alisema mzee.

"Pole, baba mdogo."

"Pole na wewe, mwanangu. Wageni wa huko wamekula?"

"Wameshakula. Wanaaga sasa."

"Wameshiba?"

"Wameshiba," alisema binti, akaanza kulia.

Mzee alibaki pale chini, simu mkononi. Alilia bila kujificha, kwani wa kumficha hakuwepo. Alimlilia Sajini, halafu, tusifichane, akajililia mwenyewe. Safu nne za sahani zilimtazama zikiwa safi. Hakuzigusa. Alinyanyuka tu akafunika sufuria, maana chakula hakijaonjwa.

Gwaride lilikuwa limekwisha na barabara ikajaa watu wanaorudi. Jirani alichungulia langoni, vumbi miguuni, kibendera kimechomekwa kichwani kwenye kilemba.

"He, Mzee Upawa! Wageni wako wapi? Au wamekula na kuosha vyombo?"

"Ni arobaini," mzee alisema.

"Najua ni arobaini, sahani si nimeleta mimi?"

"Siyo ya sahani, mama. Ni arobaini."

Jirani akamtazama machoni, akatazama sufuria zilizofunikwa. Taratibu akakitoa kile kibendera kichwani.

"Uuu, Mungu wangu. Ya nani?"

"Ya yule mrefu. Anayekohoa."

Hakumwambia pole. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono mpaka viwikoni. Miaka yote ya ujirani wao walikuwa wakiazimana sahani, ndoo, hata kiberiti, ila yeye hapo uani hakuwahi kula. Akarudi, akaichukua sahani moja yenye ufa, akaishika mbele yake kwa mikono miwili kama watu wa foleni.

"Gawa," alisema.

"Bado. Lazima mtu aonje kwanza. Siyo mimi."

Nje, wapita njia wawili watatu walikuwa wamesimama langoni, wanashangaa uwanja wa sahani tupu. Mzee alifunua sufuria. Alichota maharage kidogo kwa ncha ya upawa, akayamimina kwenye kijiko, akampa. Jirani akayatia mdomoni. Akatafuna polepole, na bila kuambiwa na mtu, akatazama juu.

Mzee alisimama na upawa wake, akisubiri kusikia habari ya chumvi.