Michi Miwili, Kinu Kimoja

Bi Mwanakombo alikuwa na ugomvi na karatasi. Binti yake Najma aliitoa hospitali, ina picha za mtu ananyoosha mikono, akaibandika ukutani chumbani kwao Mbagala. Ugonjwa wa Pakinsoni ulianza kwa kutetemesha kidole, Bi Mwanakombo akaucheka. Sasa ulikuwa umehamia begani na kiunoni, maumivu kutwa kucha, na vidonge peke yake havikutosha.

"Mama, moja... mbili..."

"Tatu malizia mwenyewe! Mie naumwa, nawe waniambia ninyooshe mkono?"

"Daktari kasema ukikaa tu ndiyo yanazidi. Na kaka Farhan kasema bega likiganda, mwisho wa mwezi anakuja kukuchukua."

Farhan alikaa Kimara, ghorofa ya tatu. Bi Mwanakombo alijiona kakaa huko mbele ya tivii ya watu, mbali na nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe Mwishehe tofali kwa tofali, akaogopa. Alitaka kubaki kwake. Mkono ndio haukutaka.

"Enzi zenu mlikuwa mnafanyaga mazoezi gani?" Najma akauliza.

"Mazoezi! Sie tulikuwa tunatwanga."

Akakumbuka alasiri za uani, yeye na mke mwenzake Chausiku, michi miwili kinu kimoja, huyu akipandisha yule anashusha, na Mwishehe kajilaza mkekani anajidai amelala. Harufu ya mpunga mpya! Jamani, siku zile! Machozi yakamlenga.

Kinu chenyewe alikuwa nacho Chausiku. Baada ya arobaini ya Mwishehe, wajane wawili wazima walikigombea mbele za watu, wakatukanana hadi wajukuu wakaona haya, Chausiku akakibeba akaenda nacho Mtoni Kijichi. Miaka kumi na mmoja hawakujuliana hali.

Najma akapata wazo. Alimpigia simu dada wa mazoezi hospitalini, akaambiwa mchi uwe mwepesi, waende polepole. Kisha akapiga simu nyingine.

Asubuhi ya pili bajaji ikasimama mlangoni. Chausiku akashuka na kinu kile kile, na michi miwili myepesi.

"Shikamoo, mama mdogo," Najma akampokea.

"Marahaba, mwanangu. Asalaam aleikum, bi mkubwa."

Bi Mwanakombo akanuna, na haki alikuwa nayo. "Waaleikum salaam. Umekuja kunitazama ninavyotetemeka?"

"Nimekuja kutwanga. Inuka."

Kinu kiliwekwa uani, hakina hata punje. Najma akasimama nyuma ya mama yake, tayari kumdaka. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Makubwa! Mnatwanga hewa?"

"Na wewe unatwanga umbea, pita zako!" Chausiku akamjibu, akashusha mchi.

Bi Mwanakombo akapandisha wake mpaka kifuani. Bega likawaka moto, mkono ukamtetemeka, michi ikagongana. Aibu ikamshika.

"Nimeharibu. Ondoka na kinu chako."

"Siondoki. Nilipoolewa sikujua kutwanga kwa kupokezana, bi mkubwa. Nilikugonga vidole mara ngapi? Mwezi mzima ulinisubiri. Mwishehe akiuliza mbona mchele unachelewa, unasema umechoka wewe. Hukunitangaza. Halafu mie nikaja kukunyang'anya kinu." Chausiku akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Leo nasubiri mie. Pandisha."

Bi Mwanakombo akapandisha. Chausiku akangoja, mchi hewani, mpaka ule wa mwenzake ukatua. Ndipo akashusha wake.

Wakaendelea hivyo kila asubuhi. Tusidanganyane, maumivu hayakwenda popote, ila yalipungua makali, na usingizi ukarudi. Siku ya ishirini mchi ulifika sikioni.

Mwisho wa mwezi Farhan akaja na begi tupu. Aliusikia mdundo tangu barabarani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Ngoja kwanza, baba," Bi Mwanakombo akasema, wala hakugeuka. "Mwenzangu kashashusha. Ni zamu yangu."