Udongo wa Mulenge Kwenye Kiwanda cha Ngozi

Wifi yangu Pélagie hawezi kupokea mgeni kabla hajafagia. Hata muuguzi aliyekuja kumtazama marehemu kaka yangu, mumewe, hali yake ikiwa mbaya, alisimamishwa kwanza mlangoni hadi ufagio umalize kazi yake. Ndivyo alivyo, na mimi nimeshachoka kumgombeza.

Basi serikali ikatoa pesa za kupima na kusafisha uwanja wa kiwanda cha zamani cha ngozi, hapa Uvira, kando ya ziwa. Wenye kiwanda waliondoka na mashine zao wakatuachia mashimo waliyolowekea ngozi katika dawa kali. Mashimo yakajaa mchanga na takataka, na sisi wanawake tukapanda mboga za lengalenga juu yake. Shamba la Pélagie ndilo lililomlisha yeye na wanawe tangu afiwe. Likichukuliwa, hana pengine.

Injenia Espoir, kijana mpole wa hapa hapa mjini, alitueleza mpango. Udongo wenye sumu utafukuliwa, na mwenye shamba atapewa sehemu nyingine kule Mutarule. Penye udongo safi, mtu ataendelea kulima. Mutarule! Kutoka huko mboga zitafika sokoni zimeshanyauka.

Siku moja kabla ya vipimo, Pélagie alimtuma motari na pikipiki yake milimani. Akarudi na mifuko ya udongo mweusi wa Mulenge, ule wa kando ya mazizi ya ng'ombe. Wifi yangu akautandaza shamba zima, akausawazisha kwa viganja. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Weye, unamupikia injenia?"

"Wageni banakuja, Generose. Miye nibaonyeshe buchafu?"

Hakuwa na hila, naapa. Kwake ilikuwa adabu tu.

Injenia na wenzake wakaja, wakachota udongo wa juu juu katika kila shamba, wakaenda zao. Majibu yaliporudi, mashamba yetu yote yalikuwa na sumu isipokuwa la Pélagie. Wanawake wakamnunia. Yeye alicheka peke yake, akaanza kunyunyizia maji lengalenga lake mbele yetu, na nilitamani kumrushia ndoo.

Espoir akaja kumpa habari nyingine njema.

"Mama, hapa pembeni serikali itajenga shule ya batoto badogo. Na sababu udongo yako iko safi, batoto batakula mboga yako kila siku. Weye ndiye utabauzia."

Mwingine angepiga vigelegele. Pélagie aliweka ndoo chini. Alinitazama, nami nikajua anachotaka kusema, nikamkonyeza anyamaze. Nilimhurumia, hakuwahi kupata bahati kama ile.

"Injenia," akasema, "ile ulipima haiko udongo ya hapa. Iko ya Mulenge. Nilitandika tu, sababu mulikuwa munakuja."

Espoir angeweza kumfokea. Hakufanya hivyo. Alikaa juu ya jiwe akajipangusa uso, kisha akaleta chombo chake cha kutobolea akachimba tena, safari hii chini kabisa. Udongo uliotoka ulikuwa wa kibuluu-kijivu na ulinuka. Majibu ya pili yalipokuja, shamba la Pélagie ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Lilikaa juu ya shimo lenyewe la kulowekea ngozi.

Nilijua atalia kwa ajili ya shamba, nikamsogelea nimshike. Hata hakunitazama.

"Na bantu?" akamuuliza Espoir. "Bale balikula ya hapa, nabo batapimwa?"

Espoir alikunja karatasi ya majibu.

"Pesa ya serikali iko ya udongo tu, mama."

Wana wa Pélagie walikuwa wamesimama nyuma yake, wametoka shule, wana njaa. Maisha yao yote mama yao hakuwahi kuwanunulia mboga sokoni. Alisema za sokoni hajui zimelimwa wapi.