Milango Iliyorudi kwa Toleka

Umeme ulirudi kabla ya saa nne asubuhi, feni ikaanza kuzunguka, na Kadidja Amuri akaiacha chai yake ipoe ili aendelee na kazi. Ofisi ilikuwa ghorofani, Makiso, katikati ya Kisangani, juu ya duka la vitenge, na harufu ya nguo mpya ilipanda ngazi pamoja na wageni. Kampuni ilikuwa ya ujenzi. Benki ilikuwa imewatangazia wateja wake kwamba haitapokea tena maagizo ya malipo ya karatasi: anayetaka kulipa watu wengi kwa mara moja alete faili ya kompyuta, kundi moja, watu wote ndani. Kadidja ndiye aliyeandika programu ya hesabu ya kampuni, kwa hiyo ndiye aliyepewa kuunda sehemu mpya ya kulipa kwa kundi.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unaieleza kompyuta kundi ni nini, kisha unaieleza mstari mmoja wa kundi ni nini: jina la mtu, namba ya akaunti, kiasi, na maelezo, yaani pesa hii ni ya kitu gani. Hayo maelezo ndiyo yaliyomleta mkurugenzi, bwana Sadrack, hadi kwenye meza yake, kikombe mkononi.

"Kwa motif weka 'divers' tu," alisema. "Kila mutu, 'divers'. Benki haisomaka ile."

"Mi nasoma, patron," Kadidja alijibu bila kuacha kuandika. "Mutu alifanya kitu. Nitaandika kitu alifanya."

Mkurugenzi alicheka, akaona ni ukaidi wa kitoto, akaenda zake. Kadidja akaandika kwamba maelezo hayawezi kuachwa wazi, na kwamba neno "divers", yaani mengineyo, halikubaliki. Kwa hiyo fundi bomba wa nyumba mpya ya mkurugenzi akapata mstari wake, "mabomba ya jikoni". Nicolas, fundi wa rangi, akapata wake, "rangi ya sebule na baraza". Na mstari wa baba yake Kadidja ulisomeka hivi: Amuri Moussa, milango na paa.

Papa Moussa alikuwa seremala, mtoto wa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Nyumba mpya ya mkurugenzi, kwenye njia ya Simi-Simi, ilikuwa na milango yake yote na mbao zote za paa kutoka mikononi mwake. Mkurugenzi alitaka milango mirefu kupita kawaida, eti mlango wa mtu mkubwa, na Papa Moussa akaitengeneza mirefu. Mbao alizichukua kwa mkopo. Malipo yalipochelewa, mwenye mbao alikuja na pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, akachukua mashine ya randa iwe rehani, akasema ataileta siku pesa itakapoonekana. Tangu hapo Papa Moussa aliranda kwa mkono, mgongo ukimuuma, na wateja wenye haraka wakaanza kupita mlangoni kwake bila kusimama. Nyumba nzima iliungoja mstari ule.

Ilibaki sheria ya kundi. Kadidja hakuitoa chuoni, aliitoa kwa mama yake. Mama Aïcha aliongoza likelemba ya wanawake wa soko, ile ya kila mmoja kutoa fungu lake na mmoja kula chungu chote kwa zamu, na katika likelemba yake mtu ambaye zamu yake haijafika hafutwi. Hata akigombana na wote, hata akihamia Yangambi, jina lake linabaki mpaka ale. Kadidja akaiandikia kompyuta hivyohivyo. Mstari hauondoki kwenye kundi mpaka ulipwe. Kundi linakwenda lote au haliendi. Kitufe cha kufuta hakikuwepo.

Basi kundi likawa tayari, likangoja sahihi ya mkurugenzi. Likangoja. Kila mstari uliandikwa pembeni "inangoja" kwa rangi ya machungwa, na kila mwisho wa mwezi Kadidja alilipandisha kundi kwenye skrini ya mkurugenzi, na kila mwisho wa mwezi mkurugenzi alikuwa na kikao. Mshahara wake mwenyewe ulikuwa na kundi lake peke yake. Hilo hakuchelewa kulitia sahihi hata siku moja.

Kisha habari zikaja kwamba mshirika wa Kinshasa yuko njiani kuja kuangalia hesabu kabla ya kuweka pesa zake. Mkurugenzi alisimama tena mbele ya meza, safari hii bila kikombe.

"Toa ile mistari. Nataka compte propre, hesabu safi."

"Haitokaka, patron. Inatoka kama inalipwa."

"Donc weka bouton ya kufuta."

"Bouton ya kulipa iko pale. Finya ile."

"Kadidja, uko unajua nani anakulipaka weye?"

"Najua. Na najua wenye haulipaka."

Wenzake ofisini waliinamia kompyuta zao. Mkurugenzi alitoka na simu sikioni, na baada ya muda akafika Eddy, fundi wa kompyuta, flash diski ikining'inia shingoni. Kadidja hangeweza kumfukuza Eddy, na Eddy hakuwa mtu mbaya. Aliomba radhi, akavuta kiti, akaingia kwa mlango wa nyuma wa programu, kule ambako mistari inalala yenyewe bila sheria za mtu yeyote.

"Eddy, usiguse. Kila mustari iko na kitu yake."

"Yaya, dada yangu, mi natumwa tu," Eddy alisema, akaifuta yote kwa mkupuo, kisha akauliza kama kuna mahali pa karibu wanauza liboke ya samaki, ile ya kuchomwa ndani ya majani, maana alikuwa hajala.

Mchana huohuo mlango wa mbele wa nyumba ya mkurugenzi ulifika kwa Papa Moussa. Ulikuja kwa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, umesimama wima juu ya mto wa kiti cha nyuma, na mwendesha baiskeli alikuwa amelowa jasho kwa sababu ya upepo uliokuwa ukiupiga ubao. Aliusaidia kushuka, akadai nauli.

"Ile ni mulango," Mama Aïcha alisema. "Utachukua bei ya muzigo."

"Mama, ilikaa kwa kiti. Mwenye kukaa kwa kiti analipa ya mutu."

"Ilikaa ao ilisimama?"

Mwendesha baiskeli alifikiri, akapunguza. Mama Aïcha alilipa kutoka kwenye fundo la kitenge chake, na kabla hajalifunga fundo, toleka nyingine ikapiga kengele, imebeba mlango wa chumba cha kulala, na nyuma yake nyingine yenye ule wa jikoni. Mama Aïcha akasonya, akabaki amelifungua fundo. Mbao za paa zilikuja kwa miguu. Zilipanga foleni ukingoni mwa barabara, moja nyuma ya nyingine, zikisimama kila pikipiki inapopita, na misumari ilifuata nyuma na kelele yake. Jirani mmoja alihamisha nguo alizoanika ili zipite. Upande wa pili wa mji Nicolas alikuta rangi yake imerudi ndooni, mifuniko imefungwa, ila ya baraza ilikuwa na vumbi kidogo, na fundi bomba akayakuta mabomba yake yamelala kizingitini.

Papa Moussa aliupokea mlango wa mbele kama mtu anavyompokea binti aliyetoka kwa mume mkorofi. Aliuzungusha, akapapasa bawaba, akaona ufa mdogo karibu na kitasa.

"Banaupiga," alisema. "Batu bale banaupigaka kwa nguvu. Mulango kama hii!" Hasira ilimpanda mpaka macho yakamlowa. Alitafuta gundi, akaziba ufa, akauegemeza mlango ukutani mahali penye kivuli.

Kadidja alirudi kutoka kazini akaukuta ua umejaa. Alipita kwa ubavu kati ya mbao, akamsalimu baba yake, akamweleza Eddy alifanya nini.

"Alifuta jina yangu?"

"Ndiyo, papa. Lakini nitairudisha. Banafuta, naandika."

"Andika," Papa Moussa alisema. "Na 'milango na paa' andika vilevile, usipunguze."

Mkurugenzi alifika jua likiwa bado juu, na pickup, na vijana wa nguvu wanne nyuma. Hakusalimu. Alionyesha mlango wa mbele kwa kidole na vijana wakaushika pembe zote nne. Haukunyanyuka. Walijaribu tena, mishipa ya shingo ikawatoka, mmoja akateleza akakaa chini. Papa Moussa alikuja, akaushika mlango kwa mkono mmoja, akausogeza pembeni ili yule kijana apate nafasi ya kuinuka.

"Muzee, mulango iko yangu," mkurugenzi alisema.

"Lipa. Kama unalipa, itarudi yenyewe. Njia inajua."

"Nilipe nini? Mulango haiko kwangu! Mutu analipaka mulango yenye haiko kwake?"

"Na wakati ilikuwa kwako, patron, ulilipa?"

Mkurugenzi alimpa kisogo. Aliangalia mbao za paa zilizopangwa ukutani, akaangalia vijana wake, ambao nao hawakuwa wamelipwa mwezi ule na sasa walikuwa wanausogelea ule mlango mrefu na kuupapasa kwa heshima. Mama Aïcha akamwambia toleka zimedai nauli na yeye ndiye aliyelipa, akimaliza maneno yake amrudishie. Mkurugenzi akapanda pickup.

Mtu mwingine angelipa siku hiyohiyo. Wapi! Bwana Sadrack alikuwa na pesa, na kila mtu Makiso alijua anazo, lakini alikuwa mtu ambaye mkono wake ukishafungwa haufunguki hata kwa mvua. Na mvua ilinyesha. Aliweka hema la plastiki juu ya televisheni. Mke wake, mama Félicité, alivumilia kwa muda, kisha akachukua sanduku lake akaenda kwa dada yake, bila hata kuwa na mlango wa kuufunga kwa kishindo. Mkurugenzi akawaambia watu kwamba nyumba sasa inaingiza hewa nzuri. Mshirika wa Kinshasa alipokuja alimpokea sebuleni, kila mmoja na mwavuli wake, wakala kuku na wali mezani. Mshirika aliipekua kompyuta, akaona hakuna hata mstari mmoja unaongoja, akasema ni nadra siku hizi kukuta hesabu safi namna hii, akatia sahihi.

Alipoondoka tu, Kadidja aliirudisha mistari yote kutoka kichwani mwake mpaka kwenye skrini, jina kwa jina, kitu kwa kitu. Mkurugenzi alimwita ofisini kwake akapiga meza. Kadidja alimngoja amalize.

"Unifukuze, patron. Bon. Nani atatuma faili ya mushahara yako kwa benki?"

Hakumfukuza. Ikawa mazoea: kukiwa na wageni, Eddy anaitwa anafuta; wageni wakienda, Kadidja anaandika. Eddy sasa alikuja na chakula chake. Mabomba yalibaki kwa fundi bomba, rangi kwa Nicolas, na milango kwa Papa Moussa, mirefu, imeegemea ukuta, na hakuna mtu Kisangani mwenye nyumba ya kuitosha. Mwenye mbao alikuja kuziangalia mbao za paa, akakuta zimetobolewa na misumari, akasema hawezi kuzichukua. Mashine ya randa ilibaki kwake. Papa Moussa aliendelea kuranda kwa mkono, na jioni mgongo ulipomshinda alilala kifudifudi ubaoni huku Kadidja akimpaka mafuta, na wote wawili walikuwa na hasira na hawakuificha.

"Mi sitafuta," Kadidja alimwambia. "Hata bakinipa kiti ya patron."

"Najua," baba yake alisema. "Paka kidogo juu."

Mwisho wa mwezi uliofuata mwanamume mwembamba alipanda ngazi za ofisi, masikio yake yakiwa bado na vumbi la mbao. Aliitwa Sébastien, seremala wa Mangobo, na mkononi alikuwa na bili.

"Bonjour, mama. Patron alisema nikuje kwako, uniandike. Nilimutengenezea milango."

Kadidja alimpa kiti. Alimuuliza jina lote, namba ya akaunti na kiasi, na kwenye maelezo akaandika "milango mipya". Mstari ukajipanga chini ya mingine, na pembeni yake likatokea neno "inangoja".

"Alikupatia avance, ya kuanzia kazi?"

"Hapana. Alisema mwisho wa mwezi." Sébastien aliinamia skrini akasoma polepole, kutoka juu kushuka. "Hawa bote banangoja?"

"Bote."

"Hata huyu wa milango na paa?"

"Huyu ni papa yangu."

Sébastien aliikunja bili, akaikunjua.

"Milango yako iko wapi sasa?" Kadidja aliuliza.

"Nilishafunga jana. Inafunga muzuri sana."

"Ni mirefu?"

"Mirefu. Njo vile alitaka."

"Bon," Kadidja alisema, akahifadhi mstari. "Ukifika nyumbani, fanya nafasi mu lopango."

Sébastien aliutazama ukuta wa ofisi, akaupima kwa macho, akasema ua wake ni mdogo, lakini atahamisha banda la kuku.