Mbili kwa Kumi

…na ni huko kushika namba moja ndiko kulikomchoma, maana wangekuwa wa tatu, au hata wa pili, mtu angecheka tu na kuendelea kuanika shuka lake, lakini wa kwanza, kati ya miji yote isiyofaa kuishi katika ukanda mzima wa viwanda vilivyokufa, wa kwanza wao, wakaupita hata ule mji wa saruji ambako kuku mweupe humtofautishi na mweusi, "Mama, unanisikia?" sauti ya binti yake ikatoka kwenye simu aliyoiegemeza dirishani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho kwa sababu sikio la kushoto aliliacha kiwandani, miaka ishirini na tisa kwenye mashine za kufuma nguo si mchezo, "nakusikia, mwanangu, soma tu," akasema, akabana pembe ya shuka kwenye kamba, na binti akaendelea na gazeti lake kwa ile sauti ya kazini, sauti ya mtu wa maabara anayemsomea mgonjwa majibu ya damu, hewa mbaya, mto mchafu, ajira hakuna, zahanati siku mbili kwa wiki, basi linapita bila kusimama, na wakazi wenyewe, hapo binti akapunguza mwendo, "wakazi wenyewe, Mama, walipoulizwa maisha ya hapo wanayapa ngapi, hakuna aliyepita mbili kwa kumi, mnasema kwa vinywa vyenu, halafu mimi nikikuambia uhame unaona nakusimanga, Jumamosi nakuja na gari la mizigo, nataka jibu leo hii, ndiyo au hapana, mwenye nyumba hawezi kunishikia kile chumba cha pili milele," na mama akajifanya anatafuta kibanio kwenye beseni, maana ile mbili ilikuwa yake, aliitoa hapa hapa uani, siku walipokuja wale mabinti wawili na makaratasi yao na viatu vyeupe, maskini, viatu vyeupe katika mji huu, akawapa viti, akawapa chai, wakacheka naye mpaka mmoja akapaliwa, kisha wakamuuliza, mama, kuanzia moja hadi kumi, na yeye ambaye kila asubuhi akifungua mlango huu akaona lile dohani refu lisilotoa moshi limesimama palepale moyo wake unatulia, akasema mbili, tena akasema bila hata kufikiri, na ng'ambo ya ukuta Mama Pacha akadakia yeye anatoa moja, na hiyo moja ni ya upepo, na wale wazee wastaafu kwenye benchi la getini, aliambiwa baadaye, walishindana, nusu, robo, sifuri, mpaka yule mchochea tanuri akauliza kama inaruhusiwa kushuka chini ya sifuri, na mabinti wa watu wakaandika yote kama yalivyo, wangejuaje, nani angewaambia kwamba hapa kitu kinachoenda vizuri hakisifiwi.

Walifundishwa na mashine, hilo, yeye alifundishwa wiki ya kwanza kabisa, msichana mbichi mwenye kitambaa kipya kichwani, akamgeukia mwenzake kwa furaha, leo mashine yangu inaenda kama maji, na hata hajafunga mdomo nyuzi zikakatika, si moja, si mbili, upande mzima, nguo ikajikunja, msimamizi akaja mbio, akazima, akamtazama, wala hakugomba, alimuuliza tu, umeisifu? ndio maana, na tangu siku hiyo, basi, mashine ikikimbia vizuri unaitukana polepole, takataka wewe, mkweche wewe, huku unaipapasa ubavuni, na ukitoka zamu tabia inatoka na wewe getini, inapanda hii barabara, inaingia kwenye hizi nyumba za mstari, chakula kitamu ni hivyo hivyo tu, mvua nzuri imechelewa, na mume wake, fundi mitambo, Mungu amrehemu, alimjia wakati wa mapumziko na bisibisi sikioni kama kalamu, akamwambia bila sauti, kwa midomo tu kama walivyokuwa wanaongea wote humo ndani kwa zile kelele, wewe ndiye mwanamke mbovu kuliko wote humu, na yeye akajua papo hapo ameshaposwa, akacheka hadi leo anacheka, "Mama, mbona unacheka, mimi nakuambia mto una sumu," "sicheki, mwanangu, ni shuka limenipiga usoni," mto, kweli, mto ulikuwa unabadilika rangi kulingana na oda ya wiki, bluu, nyekundu, kuna mwezi mmoja ulikuwa zambarau na watoto wakarudi nyumbani na miguu ya zambarau, na huyu huyu binti alikuwemo, akakataa kuoga siku tatu, eti ni soksi, na haya yote gazeti linayajua kwa jina moja tu, uchafu, na ni uchafu, hasemi siyo, kifua cha mume wake kilikwisha kwa lile vumbi la pamba, alikohoa miaka minne, hilo hasahau wala hasamehi, lakini mtu anaweza akakosa kusamehe kitu na bado akakipenda, hilo hawakuuliza, halikuwepo kwenye makaratasi yao.

"Na halafu ulianguka," binti akasema, na sauti ya maabara ikamponyoka kidogo, "ulianguka hapo uani, Mama, mwezi uliopita, hukuniambia, niliambiwa na Mama Pacha," naam, na Mama Pacha mwenyewe ndiye huyo ng'ambo ya ukuta mfupi, ameegemea fagio, amekazana kutazama, na midomo yake ikaumba, bila sauti, anasemaje? na yeye akamjibu kwa midomo, anataka nihame, ngoja kwanza, na hili ndilo hasa, hili ndilo hapana yake aliyoiweka tayari tangu asubuhi, kwamba siku ile alipoteleza kwenye sabuni akapiga mgongo kwenye saruji, pumzi ilikata, sauti haikutoka hata ya kuita paka, alilala pale anaangalia anga, na kilichobaki kufanya kazi mwilini mwake ni midomo, akasema nimeanguka, hewa tupu, na Mama Pacha alikuwa kule mwisho wa ua wake anamwagilia mchicha, akainua macho, akasoma, akaruka ukuta, mwanamke wa miaka sitini na saba akaruka ukuta na ndoo mkononi, sasa huko mjini kwenye maghorofa, pamoja na hospitali yao ya siku saba, nani atamsoma midomo, angelala pale mpaka akauke, na akavuta pumzi amwambie binti hivyo hivyo, hapana, mwanangu, siji, ila binti alikuwa ameshatangulia kusema, haraka haraka, kama anaungama, "sikudanganyi, chumba chenyewe ni cha hovyo, Mama, kidogo, kitanda kinalia, nimepaka rangi mwenyewe ikatoka vibaya, dirisha linaangalia bohari la watu, limechakaa kama hapo kwenu, sijui hata kwa nini nilichukua upande huo, na pazia nimeshona mimi, limepinda, utalicheka," na mkono wa mama ukabaki juu kwenye kamba.

Kitanda kinalia. Rangi imetoka vibaya. Pazia limepinda. Maana yeye alidhani binti aliondoka na kila kitu chake, alipofaulu na kupanda lile basi akiwa na miaka kumi na tisa, alidhani huko wamemfundisha kusema vizuri na kusifu kama watu wa redio, na kumbe siku zote hizi, kila akipiga simu, kazi yangu ya hovyo, bosi wangu wa hovyo, jiko langu bovu, na yeye mama mtu mzima, mfumaji wa miaka ishirini na tisa, akawa analala macho makavu anamwonea huruma, mtoto anateseka, mjinga mimi, mjinga kweli, mtoto alikuwa anamwambia kwa lugha ya nyumbani kwamba mambo yanaenda vizuri, na sasa ameshona pazia, amepaka rangi kwa mikono yake chumba kizima, amelitafuta dirisha linalotazama bohari lililochakaa ili mama akiamka asione kitu kigeni, anaogopa kukisifu kisikatike, na midomo, ee, midomo, nani alimfundisha nani, si huyu huyu akiwa na miaka mitano alikuwa anakaa mezani na baba yake wanamsengenya mama bila sauti, mboga ina chumvi, usiseme, wanapasuka kwa kicheko, anasoma midomo huyu, amezaliwa nayo, yupo mtu kule wa kumwona akianguka, yupo, na hapana aliyoiweka tayari aliitafuta kifuani asiione. Iliuma. Akatazama ukuta, mchicha wa watu, dohani, barabara yenye mashimo anayoyajua moja moja kama magego yake, na ikamuuma mpaka kwenye mifupa, mji wake mbaya namna hii, mji wake mzuri, akalisema neno hilo ndani kabisa, polepole, bila hata midomo kucheza.

"…halafu kuna ukurasa wa pili, Mama, wa mitaro," simu ikasema dirishani, na binti akaanza kusoma mitaro, hajui lolote, akisoma kwa bidii kama anayeogopa kufika mwisho, na mama akageukia ukuta, akaumba kwa midomo, naenda, Jumamosi, na Mama Pacha akaliegemeza fagio lake ukutani, akafuta uso kwa mkono wenye vumbi, kisha akamjibu vilevile bila sauti, neno moja moja, ili shoga yake asikose hata moja, nenda basi, hatutakukumbuka hata kidogo.