Lifti Iliyolala Juu

Kaka yangu mkubwa tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu kwake hata chai hainywewi bila kikao. Juma lile la baridi kali alitoa uamuzi: lifti ya jengo wanaloishi wazazi wetu ikigoma mara moja zaidi, Mama anahamia kwake, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Chumba alichokuwa nacho kilitosha kitanda kimoja. Baba angebaki ghorofa ya nne na birika lake. Wazee hawa, ukiacha siku za uzazi, hawajawahi kulala nyumba mbili tangu waoane.

Magoti ya Mama hayawezi ngazi, na asubuhi lazima ashuke kwenda kwenye mazoezi ya miguu. Baba hakubisha. Alilikunja tu gazeti lake mpaka likawa halikunjiki tena.

Fundi wa lifti hiyo ni mimi, kwa hiyo aibu nayo ilikuwa yangu. Ni lifti isiyovutwa na kamba. Pampu iliyo chini husukuma mafuta kwenye silinda, na mafuta ndiyo yanayoinyanyua. Baridi ikizidi yanakuwa mazito kama uji uliopoa, na kila kitu kinakwenda kivivu. Nilishafunga hita kwenye tangi, nikabadilisha vali, nikatambaa na tochi kutafuta hata tone moja lililovuja. Pakavu. Bado asubuhi tuliikuta ghorofa ya nne, imezama kiganja kizima chini ya usawa wa sakafu na imejizima. Mama alijikwaa hapo siku moja, ndipo kikao kikaitishwa.

Kilichonikera ni hiyo ghorofa ya nne. Mtu wa mwisho kurudi nyumbani anaweza kuiacha popote. Kwa nini ilale huko huko kila siku?

Jioni ya siku ile ya kikao, tulipokwisha kula, niliwaaga wazee, nikashuka na kujifungia kwenye chumba cha mashine, kola ya jaketi mpaka masikioni. Watu walirudi mmoja mmoja, jengo likanyamaza. Halafu pampu ikanguruma, na lifti ikapanda tupu mpaka juu. Nikazikimbilia ngazi kwa hasira, nikijua leo nitamshika huyo mtundu.

Nilimkuta Baba. Amevaa soksi tupu, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Aliangalia kwanza kama mlango wa kwao umefungwa, kisha akanieleza kwa kunong'ona. Asubuhi lifti inachelewa kupanda, na kwenye korido kuna upepo unaomwingia Mama magotini. Ndiyo maana kila jioni anaiita mapema, ilale mlangoni, Mama akitoka aikute inamngoja.

Hasira zikaniisha zote. Nikamweleza kwamba mafuta yakiachwa kwenye silinda usiku kucha yanapoa na kusinyaa, lifti inazama, pampu inahangaika kuirudisha mpaka inajizima. Lifti ya aina hii, siku za baridi, hulala chini.

Akakaa kwenye ngazi. "Kumbe ninayemfukuza mama yenu ni mimi."

Nilimpenda saa ile kuliko siku yoyote, nikamwambia hivyo, jambo ambalo kwetu si kawaida. Akaniambia nivae kofia.

Kabla ya kuondoka niliitega lifti iwe inarudi chini yenyewe. Kwa upepo wa korido sikuwa na dawa.

Asubuhi Mwenyekiti alifika na sanduku tupu la nguo za Mama, endapo lifti ingegoma. Alitukuta mimi na Mama mlangoni, Mama amejitanda shali, ananiuliza mzee kaenda wapi na baridi hii. Tukaisikia lifti ikipanda, ikashuka, ikapanda tena bila kutufungukia. Mtu alikuwa anayapasha mafuta moto kwa kuiendesha.

Hatimaye mlango ukafunguka, sakafu kwa sakafu, sawasawa. Ndani alikuwa Baba na koti lake, pamoja na kiti cha jikoni chenye mto wa Mama.

"Imeshapata moto," alisema. "Njoo twende."

"Umeshuka ngazi zote hizo?" Mama aliuliza.

"Kushuka si kazi."

Mama alimshika mkono, akaingia bila hata kutazama chini, akakaa. Mlango ukajifunga.

Mwenyekiti alisimama akiutazama mlango ule. Kisha tukashuka kwa miguu, mimi na yeye na sanduku lake tupu, na tulipofika ghorofa ya pili akasema taratibu kwamba kikao kimefungwa.