Uji wa Kioo

Sahani ilikuwa pana kama ungo, nyeupe pe, na katikati yake palikaa kipande kimoja cha samaki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Juu ya kipande hicho palilazwa jani moja. Bi Thavry aliitazama sahani, akamtazama msichana aliyeileta, akasubiri wali ufuate. Msichana alirudi nyuma kidogo, akafumbata mikono, akatabasamu. Wali haukufuata.

"Karibu, mama," alisema yule mhudumu, jina lake Dary. "Hiki ni cha kwanza. Viko saba."

"Saba kama hiki?"

"Saba, mama. Ila vingine ni vidogo kidogo kuliko hiki."

Bi Thavry alidhani anataniwa, akacheka peke yake. Yeye alikuwa muuza tambi za mchele katika soko la Orussey, hapo hapo Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, na bakuli lake lilijulikana soko zima kwa kujaa hadi mchuzi ukamlowesha mteja vidole. Mtu akimaliza naye bado ana macho ya njaa, alimwongezea, wala hakumtoza. Hapa mlo mmoja uliuzwa kwa fedha ambayo yeye aliipata kwa juma zima la kuamka kabla ya jogoo. Lakini leo hakuja kulipa. Alikuwa mgeni wa mpishi, na mpishi mwenyewe alikuwa Virak, mwanawe wa pekee.

Mwenye mkahawa, Bi Solida, alikulia ughaibuni na kurudi na mali. Mchana huo aliwaalika watu wenye majina mjini waje kuuonja mlo mpya alioutunga Virak. Ukiwapendeza, jiko lingekuwa lake Virak, alipange apendavyo. Usipowapendeza, angefungasha virago kwenda Singapore, ambako alikwisha kuahidiwa kazi ya kuwakatia wapishi wengine vitunguu. Bi Thavry alikuwa na mtoto mmoja tu chini ya jua, na bahari aliiogopa.

"Mama, wewe kaa tu, ule, utabasamu," Virak alimwambia asubuhi, akiiweka vizuri skafu ya miraba shingoni mwa mama yake. "Wakiona mama wa mpishi hali, watajiuliza kuna nini."

"Mimi nishindwe kula? Umewahi kuniona nikishindwa kula?"

"Ndiyo maana nakuleta," alisema Virak, wakacheka wote wawili.

Aliyemwonya ni Kunthea, mwenzake wa kibanda cha pili pale sokoni, mwanamke asiyejua kufunga mdomo. "Wee dada, kula kwanza ndipo uende kula! Kule kwa matajiri unalipia kiti na dirisha. Chakula wanakuonyesha tu, halafu wanakirudisha kwao."

"Una wivu, Kunthea."

"Nina wivu, ndiyo, lakini tumbo langu limejaa."

Hakumsikiliza. Aliondoka bila kuonja kitu ili amwachie mwanawe nafasi yote tumboni, na hata kifurushi cha wali, ambacho kwa kawaida hakikosekani katika mkoba wake, alikiacha nyumbani kwa kuona aibu. Tangu aolewe, tangu azae, hakuwahi kujiruhusu kuwa na njaa mbali na kwake. Hilo halikumjia akilini mpaka alipokuwa amekwisha kuketi.

Alikigawa kipande cha samaki kwa ncha ya kijiko. Nusu aliila, nusu akaisogeza pembeni ya sahani, kama alivyozoea, ya baadaye. Dary akaja, akainama kwa adabu, akaiondoa sahani pamoja na ile nusu. Bi Thavry alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Akajishangaa. Ilikuwa nusu ya kipande cha samaki tu.

Kikaja cha pili, kijiko kimoja cha biringani za kuchoma. Kikaja cha tatu, yai la kware lililokatwa. Kila sahani ilikuwa pana kuliko iliyotangulia, na kila kilichomo kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia. Wageni walilegeza macho, wakanong'onezana, wakapiga picha. Kwenye meza ya jirani kijana mmoja alimwambia mchumba wake, "Usitafune haraka, hiyo ni dola kumi." Mchumba akacheka hadi akajifunika uso. Bi Thavry naye alitabasamu kama alivyoahidi, huku kijasho chembamba kikimtiririka mgongoni. Aliogopa. Hakujua anaogopa nini, lakini hofu aliijua, kwa kuwa walilelewa pamoja.

Cha nne kilikuwa tonge la wali wa kunata lililokaangwa. Mkono wake haukumwomba ruhusa. Ulilichukua lile tonge, ukalishusha chini ya meza, ukalifunga katika ncha ya skafu, fundo moja, fundo la pili. Alipoinua macho, Dary alikuwa anamtazama. Halafu Dary aligeuka, akaenda mlangoni pa jiko, akanong'ona na mtu aliyekuwa nyuma ya mlango.

*Ameniona*, Bi Thavry aliwaza. *Ameniona, na amekwenda kusema.*

Alijaribu kujicheka. Yeye ni mtu mzima, mjane, ana kibanda chake na heshima ya watu, na lile tonge alipewa alile. Ni nani wa kumuuliza? Hata hivyo alilisukuma lile fundo katikati ya magoti, akalibana lisionekane.

Ndipo chuma kilipolia.

Ng'aa. Ng'aa. Ng'aa. Mtu alikuwa akigonga kipande cha chuma cha gari kilichoning'inizwa kando ya mlango wa jiko, akigonga polepole. Maongezi yalikatika. Bi Thavry alijikuta amesimama wima, kijiko mkononi. Hakukumbuka kusimama. Upande wa pili wa ukumbi mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alikuwa amesimama vilevile, na kijiko chake vilevile, akiangaza huku na huku kama aliyeamshwa na moto. Macho yao yalikutana. Vijana wakacheka kwa furaha, wakidhani wazee wameanza kucheza ngoma, na mmoja akawapiga picha. Mzee aliketi kwanza. Bi Thavry naye akaketi.

"Wageni wangu wapenzi," alisema Bi Solida kutoka katikati ya ukumbi, "sasa tunakuja kwenye moyo wa mlo wetu. Unaitwa Uji wa Kioo. Mpishi wetu ameutoa katika simulizi za mama yake, ambaye leo tunaye hapa."

Walimpigia makofi. Mbele yake paliwekwa bakuli jeusi, na ndani yake maji ya moto, safi, yenye punje za mchele ambazo mtoto angeweza kuzihesabu, na jani moja dogo la mchicha wa maji.

Simulizi zilikuwa zake, kweli. Virak alipokuwa mdogo alizipenda kuliko hadithi za sungura. Mama yake alimsimulia miaka ya askari wa nguo nyeusi, walipoufukuza mji mzima kwenda kulima mashambani, watu wakatiwa kambini, wakanyang'anywa kila kitu isipokuwa kijiko. Alimsimulia akicheka. Chuma kikilia, alisema, tulikimbia kama kuku, kila mtu na kijiko chake! Na ule uji, mwanangu, ulikuwa kioo. Ungeweza kuchania nywele! Virak alicheka hadi akagaagaa mkekani. Na yeye alimwacha acheke, kwa sababu kila mara alisita pale pale, kabla ya kufika kwa Phirun.

Phirun alikuwa mdogo wake Bi Thavry. Alikuwa na miaka saba, na alipenda ukoko. Siku moja alikwangua ukoko kidogo kwenye sufuria ya wakubwa wa kambi, akaufunga katika ncha ya skafu yake amletee dada. Hawakumpigia kelele. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yule mwanamke aliyeshika kata ya uji alimwona, akakaa kimya mpaka watu walipokuwa wakila. Kisha kijana mmoja akaja, akainama, akasema kwa upole, "Mdogo wetu, njoo nami huko nyuma mara moja. Unahitajika." Phirun alimwangalia dada yake. Dada aliangalia uji. Mtoto akaenda na skafu yake shingoni, na mlango wa jiko la kambi ukafungwa nyuma yake, wala hakurudi.

Bi Thavry aliinamia bakuli jeusi. Uso ulikuwamo, nao ulimtazama.

"Mama."

Dary alikuwa ameinama kando yake. Sauti yake ilikuwa ya upole mno.

"Mama, njoo nami huko nyuma mara moja. Unahitajika."

Alitaka kusema kwamba lile tonge atalirudisha, kwamba hakula hata punje. Watu wote ukumbini walikuwa wakila, hakuna aliyemtazama. Alisimama, kwa kuwa mtu akiitwa husimama. Alimfuata msichana katikati ya meza, fundo la skafu amelishika kwa mikono miwili, akipita kile chuma kilichokuwa bado kinatikisika. Mlango ulikuwa wa bati linalong'aa. *Kumbe mtu akiitwa huenda*, aliwaza. *Miaka yote nimejiuliza kwa nini hakukimbia. Kumbe ndivyo mtu anavyokwenda.*

Mlango ukafunguka, ukajifunga nyuma yake.

Kulikuwa na mwanga mkali na mvuke. Virak alisimama hapo na kofia yake nyeupe, uso umejaa furaha kama siku aliyopata cheti chake cha shule.

"Mama! Umeonaje? Umeona chuma? Nimekitafuta kwa wauza vyuma chakavu mwezi mzima! Bi Solida anasema wageni wamependa mno. Anataka zamu ya pili ukigonge wewe mwenyewe, wakuone. Mama? Mama, mbona unatetemeka?"

Fundo lilifunguka mikononi mwake, na lile tonge likaanguka kwenye sakafu safi katikati yao. Virak alilitazama. Alitazama skafu. Furaha ilimtoka usoni taratibu, akawa mtoto tena.

"Ulikuwa na njaa, mama? Si ungesema?"

"Sijaiba," alisema Bi Thavry.

"Nani kasema umeiba? Mama, ni mimi. Ni mimi, Virak."

Bi Thavry aliangaza jikoni. Vijana wa kazi walikuwa wameacha visu vyao, wanatazama chini. Na kule kwenye kona, juu ya jiko la gesi la zamani, aliiona sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa, nyeusi kwa masizi, ya chakula cha wafanyakazi, wale waliopanga punje kwenye sahani za ungo tangu alfajiri. Aliisogelea akafunua mfuniko. Wali ulikuwa umejaa mpaka juu, unafuka moshi, na pembeni kulikuwa na samaki wakavu. Alisimama akipata ule mvuke usoni, na pumzi ikamrudi kidogo kidogo, kisha machozi.

"Virak," Bi Solida aliita nje ya mlango. "Tunawangoja! Mama yupo tayari?"

Virak aliukomea mlango. Mama yake alichukua upawa, akausukuma chini kabisa ya sufuria, akakwangua kwa nguvu, mpaka kipande cha ukoko kikabanduka, cha kahawia, kipana kama kiganja. Alikiweka juu ya sahani peke yake. Alikisogeza kando, mbali na vile vibakuli vyeusi vilivyokuwa vimepangwa kungoja zamu ya pili.

"Hiki usiwape wageni," alisema. "Hiki ni cha Phirun."

"Phirun ni nani, mama?"

Bi Solida aligonga mlango, mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili kwa kiganja. Kijana mmoja wa kazi akauliza kwa sauti ndogo kama apige chuma. Virak akatikisa kichwa.

Bi Thavry alijaza sahani nyingine wali, akaurundika, akaongeza juu ya rundo samaki wawili, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili. Alimvutia kigoda. Yeye mwenyewe alikaa juu ya gunia la mchele, akainyoosha skafu yake magotini, ile ncha yenye mikunjo ya fundo.

"Kula kwanza," alimwambia. "Habari yake haisikilizwi na mtu mwenye njaa."

Virak alichukua kijiko. Nje wageni walianza kupiga makofi ya kuita, na mama yake hakugeuka kuyasikiliza. Alikuwa akimtazama mwanawe akitafuna, akingoja ashibe.